Waya Mbili za Jeep ya Muchuruzi

Yaya Paluku,

Miezi ine imepita tangu tukuzike, na leo njo napata nguvu ya kukuandikia. Si machozi yalinizuia. Ni haya.

Atelie yetu ya Mususa ingali wazi. Bantu banasema nafanya kazi sawa weye. Kila mara banaposema vile, naangalia chini.

Unakumbuka ile jeep otomatiki ya muchuruzi wa maharagi, yenye ilikataa kuwaka. Ulishanifundisha: kontakteri ya ku bwate ya vitesi njo inaambia ordinateri ya moteri kama levye ya vitesi iko ku P ao ku N, kwenye gari haiwezi kutembea; isipoambiwa, demareri, ile moteri ndogo ya kuwasha, hainguruke. "Ordinateri haina macho," ulisema, "inaamini tu kenye inaambiwa." Kontakteri ilikuwa imekufa, mais barabara ya Uganda, kwenye pyesi zinatokea, ilikuwa imefungwa juu ya vita, na muchuruzi alikuwa ananiharakisha. Weye ulikuwa umeenda ku mazishi. Nikaunga waya mbili za ile kontakteri, ordinateri ikaamini levye iko ku P kila wakati, jeep ikawaka hata levye ikiwa wapi. Sikumwambia mutu. Hata weye.

Nyuma ya siku tatu, weye ukiwa umesharudi, shofere wa muchuruzi akaizima mbele ya atelie, akaacha levye ku D, ya kwenda mbele. Akageuza ufunguo. Jeep ikaruka, ikamubana Mama Kavira, mwenye alikuwa anauza mikate ku mulango wetu. Muguu wake... Yaya, ile sauti ningali naisikia.

Muchuruzi akauliza nani aligusa waya. Nilikuwa pembeni yako. Ukaniangalia kidogo tu, kisha ukasema, "Ni mimi."

Haukuniuliza kitu. Kila siku ya Mungu, nyuma ya misa, ulikuwa unamupelekea Mama Kavira maji na makala, na mimi nabaki nikipanga vyombo. Nilikuwa najisemea: kesho nitasema. Kisha ukaitwa Kanyabayonga kutengeneza kamyo, risasi zikakukuta mu njia. Donc kesho yangu ikaisha.

Juzi nilifika Beni, kule Bungulu, kwa binti wa Mama Kavira, kwenye anaishi sasa. Nilipiga magoti, nikamwambia yote. Akasema polepole, "Mara ya mwisho Paluku alininyooshea mukono ku kanisa, nikamukatalia. Sasa mimi nitamuomba musamaha wapi?"

Hakunitukana. Aliniomba tu niende, juu hakuweza kuniangalia.

Yaya, padri amekubali nisimame mbele ya bantu nyuma ya misa, siku ya Mungu yenye inakuya. Nitataja jina yangu, nitataja zile waya, nitasema weye haukugusa kitu. Kisha nitarudi Bungulu, hata kama atanifungia mulango. Nitarudi tena.

Lala salama. Kosa ilikuwa yangu, na nitaibeba mbele ya macho yao wote.

Mudogo wako,
Katembo