Jina la Mwenye Wimbo

Alhamisi, 6 Novemba

Salamu kwanza, kama tulivyofundishwa, na radhi kwa kuchelewa. Sijaandika tangu Jumapili. Ninajiomba radhi mwenyewe, kwa kuwa daftari hili halina msomaji. Marehemu mke wangu Leokadia alilifuta vumbi tu.

Asubuhi: misa, chai bila maziwa, saksofoni. Kijiti cha mdomoni mwake, kinachotetema na kutoa sauti, kimeanza kupasuka. Kingine hakipatikani mjini.

Kwenye kona moja ya mtaa wa Birere palikuwa na maiti ya kijana, mikono imefungwa nyuma kwa kamba za viatu vyake mwenyewe. Akina mama walimzunguka na mabeseni yao kichwani. Nilivua kofia. Sikusimama. Naona aibu kwa kutosimama.

Kisha mtaa wa Mapendo, kumwamkia Papa Anselme, aliyepiga tarumbeta katika orkestra yetu hadi mwaka jana. Amekonda sana. Anakaa chumba cha nyuma kwa shemeji yake, Mama Vumilia, anayeuza mananasi ya kisiwa cha Idjwi. Hakunisindikiza hadi barabarani. Aliniomba nisije mara kwa mara. Nimeudhika kidogo, Mungu anisamehe. Uzee humfanya mtu kuwa mkavu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mazoezi. Tumebaki watatu: Donat kwenye ngoma, Kalisti kwenye kinanda, nami. Tunajiita orkestra ya jazz, na katika miaka yote hiyo hatukutunga. Tulizipokea nyimbo za wengine, tukazigeuza ndani nje, tukazirudisha zikiwa safi. Sioni fedheha. Kuna wajenzi, na kuna wanaojua kukaa vizuri ndani ya nyumba.

Padri aliyenifundisha kupuliza alisema kwamba anayelala kwa mtu humsalimu mwenye nyumba. Kwa hiyo kabla ya kila wimbo nasimama, namtaja aliyeutunga, nataja kwao, na kama yu hai namtakia afya. Donat hunung'unika: "Papa Stani, unataja bazee mpaka bia ya batu inapata moto."

Aliyewahi kutunga kati yetu ni Anselme peke yake. Wimbo mmoja, usio na maneno. Maziwa ya Asubuhi. Aliutoa utotoni mwake, akikamua ng'ombe milimani Masisi. Tutaucheza kesho.

Jirani wa upande wa kushoto amepigwa kwa mikanda mbele ya watoto wake. Sababu sijaambiwa. Nilisikia kila pigo kupitia mbao za ukuta. Niliendelea kumenya viazi.

Jumamosi, 8 Novemba

Hoteli ya Himbi, saa za alasiri. Wenye mji wapya, wapiganaji waliouteka, walikuwa meza ya mbele, bunduki zimeegemezwa kwenye viti kama miavuli. Mmoja wao alimpasua mhudumu kichwa kwa chupa, kwa kuwa bia ilikuwa vuguvugu. Damu ilitiririka kwenye kitambaa cha meza. Mwingine alituashiria tuendelee. Tuliendelea.

Nilipomtaja Papa Anselme na kumtakia afya, bwana mmoja mwenye koti la ngozi aliinua kichwa. Baada ya wimbo alikuja. Alinipa mkono kwa mikono yote miwili. "Muzee, ile wimbo imenigusa. Huyu Papa Anselme iko angali muzima?"

Nilimjibu kwamba yu hai. Aliuliza anakokaa, apate kumsalimu. Nikamwambia: Mapendo, kwa Mama Vumilia wa mananasi.

Nilifurahi kwa ajili ya Anselme. Ni nadra siku hizi mtu mwenye silaha kuuliza kwa upole.

Jumapili, 9 Novemba

Wamemchukua.

Mama Vumilia alinikuta mlangoni pa kanisa, mkono umefungwa kwa kitenge. Wameuvunja kwa kitako cha bunduki. Alinieleza yote akiwa amesimama, watu wakipita wakitusalimu.

Mwana wa Anselme ni askari wa serikali iliyoondoka. Wenye mji wapya wakiwakosa wana huwatafuta baba. Anselme alikuwa amejificha tangu mji uanguke. Kwa wengine wote alitangaza kwamba amehamia Bukavu. Kitambulisho alikichoma. Walipomkamata alisema kwamba yeye ni Paulin, zamu, yaani mlinzi wa nyumba, na Mama Vumilia akasema hivyo hivyo hata mkono ulipovunjika. Lakini chini ya kitanda waliokota tarumbeta. Hawana hakika. Wakiipata hakika, watamuua.

Niliuliza kwa nini hakuniambia. Mama Vumilia hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Alisema: Stani haweze danganya. Bora asijue."

Sikupokea komunyo. Kinywa changu ndicho kilichowaonyesha mlango.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilikwenda kwenye nyumba wanamofungia watu, kule Himbi, kando ya ziwa. Nilivaa suti. Nilijitambulisha kwa askari wa lango, nikaomba radhi kwa usumbufu. Alinipiga mbavuni kabla sijamaliza sentensi. Nilipoanguka alinipiga tena, bila haraka, kama mtu anayetwanga. Nilirudi kwa miguu. Kupumua ni kazi.

Kutoka ndani nilisikia mtu akilia. Si Anselme, nadhani. Kisha risasi moja, na kilio kikakoma. Nilishukuru kwamba hakikuwa chake. Hicho ndicho nilichoshukuru leo.

Jumanne, 11 Novemba

Wamenifuata wenyewe, wawili, kwa pikipiki. Walinipakia katikati yao kama gunia la makaa. Walichukua na saksofoni.

Uani watu walikuwa wamelazwa kifudifudi juani. Wawili kati yao walikuwa wamekwisha kufa, nzi waliwajua. Anselme alisimamishwa ukutani. Sikumtambua mara moja. Uso ulikuwa umevimba, mdomo mweusi.

Bwana wa koti la ngozi alinipa kiti. Aliniita Papa. "Papa, wewe ni mutu wa Kanisa. Jumamosi, kwenye bia, Donat wako alisema haujadanganya hata mutoto mudogo. Sasa uniambie. Huyu njo Anselme?"

Nilisema: "Hapana, afande. Huyu simfahamu. Hakuna Anselme. Ule wimbo ni wangu."

Yalitoka laini. Nilikuwa nimeogopa kwamba yatakwama.

Aliuliza kwa nini basi nilitaja jina. Nilijibu kwamba mzee aliyelelewa misioni huona haya kujisifu mbele ya watu, hivyo nilijificha nyuma ya jina la kubuni. Na kwamba siku ile nilipoulizwa makazi, nilitaja nyumba ya kwanza iliyonijia, maana hununua mananasi pale. Niliomba radhi kwa kuwasumbua bure.

"Donat alisema pia orkestra yenu haitungake kitu. Hata siku moja." Akaisogeza saksofoni kwa ncha ya kiatu. "Tunga ingine. Hapa hapa."

Sijui kutunga. Nilichukua mwanzo wa wimbo mmoja wa kwaya ya jioni, nikaupindua. Nikaushona kwa bembelezo la Leokadia, nikamaliza kwa mlio wa kengele ya shule, ule wa saa ya chakula. Kijiti kilipasuka kabisa katikati. Niliendelea. Hata chini ya bunduki sikutunga, niliazima. Na kwa mara ya kwanza sikumtaja mtu.

Alisikiliza hadi mwisho. "Iko mubaya," alisema. "Lakini sijaisikiaka."

Ndipo akaletewa tarumbeta ya Anselme. Ni rehani iliyoachwa na mteja kwa Mama Vumilia, ndivyo "Paulin" alivyowaambia. Bwana yule alimsukumia kifuani. "Zamu, piga."

Anselme aliishika kwa kuikosea, kama anayeshika mguu wa mbuzi. Alipuliza. Kilitoka kikohozi, kisha upepo, kisha damu kwenye mdomo wa shaba. Askari walicheka hata mmoja akachuchumaa. Mimi niliyemsikia akipuliza tangu sote tuna nywele nyeusi sikuweza kujua kama anaigiza.

Tulichapwa wote wawili. Mimi kwa kuwapotezea muda, yeye kwa kuwa alikuwapo. Fimbo zilikuwa za mti mbichi. Nililia kwa sauti. Yeye hakulia.

Hatukutazamana.

Jumatano, 12 Novemba

Naandika nikiwa nimesimama. Shati limegandamana na mgongo, silivui.

Walimtupa Anselme nje ya lango alfajiri. Mama Vumilia alimkokota hadi bandarini kwa mkono wake mmoja na msaada wa wachukuzi. Wamempakia kwenye boti ya mananasi iliyokuwa ikirudi Idjwi tupu. Yuko hai. Aliniletea habari hiyo kwa maneno machache na kwenda zake.

Yuko hai kama Paulin. Siku watakapojua kwamba yuko Anselme, watavuka maji.

Jumamosi, 15 Novemba

Kijiti nimekifunga kwa uzi. Bwana wa koti la ngozi alikuwa meza ya mbele. Aliomba wimbo wangu. Alisema hivyo, kwa sauti: wimbo yako.

Nilisimama. Nilisema: "Wimbo huu, Maziwa ya Asubuhi, nimeutunga mimi."

Watu walipiga makofi. Yeye pia. Kalisti aliinamia kinanda. Donat alikosa pigo la kwanza, yeye ambaye hakosi.

Wakati wa mapumziko Donat alinifuata nyuma ya jikoni. Aliuliza kama sina haya, kumwiba mtu akingali anapumua huko Bukavu. "Ungengoja afe, tungekusaidia hata kumuzika," alisema. Donat ni mtu mwema na ulimi wake hauna mlango. Nikimwambia leo, kesho Birere yote inaijua Idjwi.

Alitema mate karibu na kiatu changu. Tulirudi jukwaani. Tulicheza vizuri, kwa bahati mbaya.

Ninajichukia. Naandika hivyo ili iwe imeandikwa.

Jumamosi, 22 Novemba

Yule bwana tena. Amemleta rafiki, amwonyeshe mzee anayetunga. Nilisema maneno yale yale. Yamekuwa mepesi, na wepesi huo unanitisha kuliko fimbo.

Kalisti ameacha orkestra. Hakuaga. Donat hubaki kwa sababu ya chakula cha hoteli, ameniambia hivyo wazi.

Wakati wa wimbo wa tatu, nje, walimkimbiza mtu na kumpiga risasi kwenye ukingo wa ziwa. Wateja waligeuza vichwa, kisha wakarudi kwenye sahani zao.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Nilikwenda misa. Sijaungama. Padri ataniuliza kama najuta, nami nimefikiri njia nzima bila kupata jibu lisilo uongo mwingine.

Mama Vumilia amekuja kunywa chai. Ametoka Idjwi jana. Mkono unaanza kuunga, ingawa umepinda.

Meno ya mbele ya Anselme yameng'oka yote. Waliyavunja siku ile ya kwanza, kabla hata ya mimi kufika. Kwa hiyo hakuwa akiigiza. Hatapuliza tena. Anakula uji na ndizi, anakaa mlangoni kwa watu wa mananasi, watoto wanamwita Paulin naye anaitika.

Niliuliza kama anajua ninachosema kila Jumamosi. Anajua. Mama Vumilia alimwambia mwenyewe, aliona si vema alisikie kwa mwingine.

Hakushukuru. Hakusamehe pia. Boti ilipokuwa ikiondoka alimwita shemeji yake arudi ufukweni, akampa neno. Mama Vumilia alinifikishia kama alivyopewa, kwa sauti yake, hata na ule mwanya wa meno: "Umwambie Stani, kama wimbo ni yake sasa, aache kuikimbiza pale katikati. Ng'ombe haikamuliwake mbio."

Alipokwenda nilichukua saksofoni. Nilikaa dirishani. Nilicheza ile sehemu ya kati taratibu, mara moja, kisha tena. Anasema kweli. Nimekuwa nikiikimbiza miaka yote, naye alikuwa amekaa pembeni yangu na tarumbeta yake, akivumilia.

Jibu langu ni fupi. Kwamba nimesikia, na kwamba naomba radhi. Sikuliandika kwenye karatasi, karatasi hupekuliwa bandarini. Mama Vumilia atalibeba kichwani, kwa boti ya Jumanne.