Damu Ambayo Sikumpa Mzee Gathogo

Naro Moru

Mama Simiyu wangu,

Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, na kwamba kikohozi cha mtoto kimeisha. Mimi mwili ni mzima. Nimeamua kuandika kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu watoto wakisikiliza.

Unamkumbuka Mzee Gathogo, mwenye nyumba wangu, yule aliyekuwa akibebea watalii mizigo mlimani. Magoti yamemtesa miaka mingi, na kila siku alikuwa akimeza dawa za maumivu, hata kama hajala. Jumapili moja mwezi uliopita alitapika damu. Mimi na binti yake, Wanjiru, tukamkimbiza hospitali Nyeri. Daktari akasema ana kidonda tumboni kinachovuja, anahitaji kuongezwa damu haraka, na iliyokuwepo haikutosha. Wanjiru ni mjamzito, kwa hivyo hakuruhusiwa kutoa. Nesi akanigeukia mimi.

Nikamwambia nimetoka kuugua malaria. Ulikuwa uongo.

Tulingoja hadi saa tisa usiku, damu ikaletwa kutoka hospitali nyingine. Muda huo wote Mzee alikuwa akitetemeka, midomo imepauka, ananiomba maji na hakuruhusiwa kunywa. Alipoongezwa damu akapata nguvu kidogo, ndipo wakamwingiza mpira wenye kamera mdomoni, wakakiziba kile kidonda. Akapona.

Tangu arudi anawaambia majirani kwamba damu yangu ndiyo iliyomwokoa. Alisikia nesi akiniomba, hakusikia jibu langu, na Wanjiru hajamsahihisha. Ananiletea maziwa kila asubuhi. Nimeyanywa wiki mbili nikiwa kimya. Jumamosi nikashindwa. Nikamwambia sikutoa damu, sikuwa na malaria, niliogopa tu kupimwa.

Aliiweka chini chupa ya maziwa. Halafu akaniuliza, "Mwalimu, bibi yako anajua?"

Hujui, Nekesa. Muhula uliopita nilikuwa na mwanamke huko Nanyuki. Tumeachana. Nilikuja nyumbani likizo nikalala kando yako, sikusema neno. Jumatatu nilipimwa, sikupatikana na virusi, ila wamesema nirudi baada ya miezi mitatu. Tafadhali nawe upimwe. Naona aibu kukuomba hivyo.

Nisalimie mama, na ndugu yangu Wafula, na Simiyu mwambie kitabu chake nimekipata.

Shule zikifungwa nitakuja. Ukitaka nilale kwa Wafula, nitalala huko.

Mume wako,
Wekesa