Benki Wameniambia Umri Umepita, Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia.

Nilikwenda benki kusaini mkopo wa nyumba, nikatoka nimeambiwa umri umepita.

Nyumba yenyewe ni ndogo, upande wa Misungwi, vyumba viwili na jiko. Nilipoingia mara ya kwanza nilitafuta kona ambayo ungeweka cherehani yako. Unakumbuka tulivyotolewa Mabatini? Mwenye nyumba alirundika vitu vyetu nje huku wewe ukishona sare za watoto wa watu. Hukugombana. Ulimalizia pindo, ukakata uzi kwa meno, ukaniambia, "Minza, mbebe mdogo wako, twende." Masanja alikuwa bado ananyonya.

Hukumaliza hata mwaka kwenye chumba tulichopanga Nyegezi. Ulipofariki, tulibaki wawili. Nikaja kuwa mwalimu, na mshahara ukaenda kwenye ada ya Masanja, kisha chuo, kisha mahari. Ndiyo maana nilifika benki na mvi kutafuta nyumba yangu ya kwanza.

Dada wa mikopo, mdogo kama wanafunzi wangu wa zamani, alinipa shikamoo vizuri kabisa.

"Mama, utaratibu umebadilika. Sasa mkopo lazima uishe kabla hujastaafu."

"Si mliniambia nitamalizia na pensheni?"

"Ni kweli, mama. Agizo jipya limetufikia juzi tu. Kwa miaka uliyobakiza, makato ya kila mwezi yatazidi kiwango tunachoruhusiwa kukata kwenye mshahara wako."

Nilicheka, Mama. Nilicheka mpaka watu wa foleni wakageuka. Halafu nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za benki nikampigia Masanja. Siku hizi anafanya kazi Geita. Alivuka daraja la Busisi siku hiyo hiyo, akanikuta nyumbani.

"Dada, tukope pamoja," alisema. "Mimi kustaafu bado sana."

"Na nyumba yako na Leah je? Ukiingia kwenye mkopo huu, wenu mtaupata lini?"

"Leah ndiye aliyenituma."

Mke wake, anayepanga kama mimi, ana watoto wadogo, ndiye aliyemtuma!

Leah naye akaja, tukarudi benki sisi watatu. Yule dada alituuliza maswali mengi, tukajibu. Mwishoni akauliza, "Nyumba hii atakaa nani?"

"Mama yetu," Masanja akajibu.

Nikadhani mtoto amechanganyikiwa. Nikamnong'oneza, "Masanja, mama alishafariki."

"Najua, dada." Akanigusa bega mbele ya yule binti. "Atakaa huyu."

Leah alinisogezea kalamu, nikasaini.

Mama, hajakusahau. Alikuwa mdogo mno kukukumbuka, na mimi, kwa kuogopa kulia mbele yake, nimekuwa nikikutaja kwa kifupi. Jumapili anakuja na wanawe kunisaidia kupaka rangi. Nitamwambia ulivyocheka, ulivyoimba ukishona, na jina ulilokuwa ukimwita ukimnyonyesha, ambalo hajawahi kulisikia kwa mtu mwingine.

Lala salama, Mama.

Binti yako wa kwanza,
Minza