Alama ya Kisu Kwenye Mwiko Wangu

Baba Neema wangu,

Jana nimeingia dukani na mwiko wa ugali. Usicheke. Najua miaka yote hiyo nilikuwa nakuacha mlangoni nikijifanya sikujui, wewe na huo mwiko kwapani. Sasa imekuwa zamu yangu.

Nilienda kununua mapanga ya helikopta yako ndogo ya rimoti, yale mawili ya juu yanayozunguka. Tangu upepo wa mtoni ulipoibwaga na kuyavunja, imekaa kwenye gereji kama kuku aliyenyonyolewa. Ulisema, "Next weekend tunanunua mengine, Mama Neema." Wikendi hiyo ilikukuta hospitali, na nyumbani hukurudi tena.

Neema amenipatia mnunuzi. "Mom, just let it go," akaniambia kwenye simu. Nimekubali. Kesho mtu anakuja kuichukua. Lakini nilitaka kwanza niisikie mara moja tu, kwa sababu nyumba hii ya Woodbridge imekuwa kimya mpaka friji ikinguruma nashtuka.

Unakumbuka mwiko ulivyoingia kwenye haya mambo? Ulinunua mapanga kwa kukadiria na macho, marefu kupita kiasi, ukaniambia yakiwa marefu ndiyo inabeba vizuri. Pale uwanjani, kabla haijainuka hata kidole, yakaufikia mkia na kuukata. "Ai! Imejikula!" ukapiga kelele, na mimi chai ikanitokea puani. Jioni ukakosa rula. Nilikuwa nasonga ugali. Ukaninyang'anya mwiko alionipa mama yangu, ukapimia nao kuanzia pale panga linapofungwa mpaka karibu na mkia, ukachonga alama kwa kisu. "Hapa ndio mwisho. Likipita hapa linakula mkia." Nilikununia mpaka Jumapili, na hata kanisani sikukupa kitabu cha nyimbo tushike pamoja.

Basi jana muuzaji akanitolea jozi mbili. Mafupi, na marefu yaliyokaribia alama yako bila kuigusa. Akaniuliza nani anairusha. "My husband," nikasema, mdomo ukinitangulia. Akatabasamu, akasema basi bora uje wewe mwenyewe, utajua yapi yanakufaa. Yule kijana hakuwa na ubaya wowote. Nikaulaza mwiko juu ya yale marefu, nikapima tena.

Nimechukua marefu. Wewe ulipenda mafupi, yale yanayozunguka kwa hasira, ukiigeuza kichwa chini huku mimi nimefunga macho na kuomba. Lakini siku ulizotaka nishike rimoti mimi, ulikuwa unainama kimya, unafungua mafupi, unafunga marefu, yanayokwenda taratibu na kutulia hewani. Ulisimama nyuma yangu. "Polepole. Usibishane nayo." Hukuwahi kusema unayabadilisha kwa ajili yangu, na mimi sikuwahi kukushukuru, niliona ni kazi yako tu.

Leo baada ya ibada nimekwenda pale pale uwanjani. Nimefungua kile kiti cha kukunja, nimeweka thermos chini na vikombe viwili. Ndiyo, viwili. Mkono umezoea. Nimeyafunga mapanga kama ulivyokuwa unafanya, bila kukaza sana, nikawasha.

Baba Neema, imeinuka! Haikupita magoti yangu, lakini imeinuka, na ule mlio ukaja, ule wa chini unaousikia kifuani. Nimelia nikiwa nimeikazia macho, maana ulinikataza kuyaondoa. Nimekukosa sana. Watu wa kanisa wanapiga simu, wanaleta chapati, halafu wanarudi makwao, nami naosha vyombo vyao.

Nikaitua polepole, haikuyumba hata kidogo. Nikageuka mbio kwenye kiti kuona kama umeniona. Kiti kilikuwa kitupu. Nikakumbuka kwamba wewe hukuwahi kukaa pale hata siku moja. Anayekaa pale ni mimi.

Kesho nitampa huyo mtu helikopta na mapanga yake marefu. Mafupi atajinunulia. Mwiko hapati.

Pumzika, mpenzi. Chai yako nimerudi nayo.

Mkeo,
Mama Neema