Mume Wangu Huwajulia Hali Kuku Kabla Yangu

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla mtaa mzima haujanicheka, maana nikimwambia mtu kwamba namwonea wivu kuku ataniuliza kama nina akili timamu, lakini wivu ninao, na naomba wewe usinicheke.

Mume wangu ni kinyozi, siku nzima anashika vichwa vya watu, na akirudi nyumbani badala ya kuingia ndani anapitiliza uani kushika vichwa vya kuku wake wa mayai, anatazama ule upanga mwekundu wa kichwani kama umepauka, anawachungulia macho na pua, anakagua hadi kinyesi chao, Shangazi, kinyesi! Anawaita "akina mama", na mmoja kampa cheo kabisa, anaitwa Malkia, na kitambaa changu cha maua nilichojiwekea nijishonee gauni, maana mimi ni fundi cherehani, alikikata akakifanya mapazia ya viota, eti kuku hapendi kutaga huku anatazamwa, na mimi hapa nakohoa wiki ya tatu sasa hata siku moja hajanichungulia koo.

Sasa amesafiri kumuuguza mama yake, na kila jioni akipiga simu neno la kwanza ni, "Akina mama wameshindaje?" halafu ndipo anakumbuka, "Na wewe je?" Mimi najibu, "Wazima, na mimi mzima," nakata simu, nalia.

Juzi Malkia kaamka amejikunyata pembeni, manyoya yamemsimama, jicho moja limevimba limefumba, makamasi yanamtoka, anakoroma akipumua, hali chakula wala hatagi, na Shangazi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, haya Malkia, na wewe onja. Simu ilipoita nikajibu vilevile, wazima. Baadaye roho ikanisuta, nikasaga kidonge changu cha kikohozi nikakitia kwenye maji wanayokunywa wote, na leo wengine wawili wameanza kupiga chafya, na mayai bado nawapelekea majirani kama kawaida. Mume anarudi Jumamosi. Nikimwambia ataniona mchawi, nisipomwambia watakufa, na siku akimlilia kuku mbele yangu, mimi nafunga mizigo narudi kwetu. Nifanyeje?

Mke wa Kinyozi

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, barua yako nimeipitisha mbele ya wenzako wote, kwa sababu kuku hawajui kungoja zamu. Na nimecheka, nisamehe. Nimecheka mpaka nikafika kwenye kidonge, hapo kicheko kikakatika. Dawa ya binadamu, kwenye maji ya kundi zima? Hebu weka gazeti chini, nenda kamwage maji hayo, uoshe chombo, utie mapya.

Umerudi? Haya. Malkia na hao wawili watoe leo hii, wakae mbali na wenzao, mahali pakavu, na chombo chao wenyewe cha maji. Anza kuwahudumia wazima, wagonjwa wawe wa mwisho, na ukitoka kwao unawe kwa sabuni na ubadili ndala, usije ukawapelekea wazima ugonjwa miguuni mwako. Matandiko yaliyolowa yatupe. Hayo mapazia ya maua nayo yavue uyafue, najua utayafua kwa hasira, ni vizuri, yatatakata. Halafu mwite daktari wa mifugo. Uso kuvimba, makamasi, kukoroma, yanafanana na mafua ya kuku, na hayo yakiwahiwa yanatibika. Lakini kideri nacho kinaweza kuanza hivyohivyo, na kile hakina dawa, kina chanjo tu ya kuwakinga walio wazima. Ukiona kinyesi cha kijani au shingo inajipinda, mwambie. Mimi niko gazetini simwoni kuku, yeye atamshika. Na kidonge usikifiche, mwonyeshe pakiti yake. Mayai asile mtu mpaka daktari aruhusu, na majirani uliokwisha kuwapa wapitie uwaambie, hata kama uso utaiva kwa aibu.

Sasa tuje kwenye wivu. Nakuelewa kabisa. Mwanamume anayekata kitambaa cha gauni la mkewe amtundikie kuku pazia, nikimkuta kwenye kiti chake cha kunyolea nitamnyoa mwenyewe! Akuletee kingine, na uchague wewe. Lakini hebu isome tena barua yako. Alikuuliza, "Na wewe je?" Kila jioni aliuliza. Kachelewa, sawa, kawatanguliza kuku, sawa, lakini aliuliza, na wewe ukasema mzima. Ulimdanganya juu ya Malkia na ukamdanganya juu yako, kwenye simu ileile, kisha ukakaa unalia kwamba hajui.

Usingoje Jumamosi. Mpigie leo wewe, kabla hajapata nafasi ya kuuliza habari za akina mama. Mwambie Malkia anaumwa, ulificha, na kwa nini ulificha. Atagomba, mwache agombe. Akimaliza mwambie unakohoa wiki ya tatu, na kesho asubuhi uende hospitali, kwa sababu kikohozi cha wiki tatu kinataka kupimwa, hakitaki vidonge vya kubahatisha.

Kuku huchunguliwa macho na kinyesi kwa kuwa hawezi kusema, "Naumwa." Wewe unaweza.