Sauti ya Mwizi wa Ng'ombe

Baba yangu,

Hapa Segerea bado wanakuita Mwizi. Si kwa ubaya, unajua. Miaka yote ile uliyoigiza mwizi wa ng'ombe kwenye tamthilia ya runingani, sura yako ilikuwa ya watu wote, ila jina lako halisi tulilijua sisi wa nyumbani tu.

Nakumbuka uliponichukua kwenda Gongo la Mboto mlikokuwa mnarekodi. Ulivaa kofia pana na koti la ngozi kwenye jua kali, wachungaji wakakupiga fimbo za uongo, ukagaragara vumbini. Wakarudia, na kurudia tena, maana ng'ombe hawakutulia. Nikalia. Ukanyanyuka, ukajipangusa. "Mwanangu, mie nikipigwa vizuri ndo tunakula."

Miaka mingi baadaye ukapooza upande mmoja, maneno yakakukwama mdomoni. Muongozaji wenu alikuja na matunda, akakushika mkono. "Shikamoo mzee. Nafasi yako ipo, wewe pona tu." Ukamwamini. Kila asubuhi ulikaa mbele ya kioo ukijaribu kutamka jina lako, likatoka mkoromo.

Jumapili moja tamthilia ikaanza, mwizi akatokea. Kofia yako, koti lako, mtu mwingine. Mama alitaka kuzima, ukamzuia. Ukaangalia mpaka mwisho, halafu ukageukia ukutani. Tangu siku hiyo hukujaribu tena kusema. Tulikuzika kabla mvua za vuli hazijakatika.

Baada ya arobaini nilikwenda kituo cha runinga kuomba vipande vyako vya zamani. Dada wa mapokezi aliingia ndani kuuliza, akakawia, akarudi haniangalii. "Pole, dada. Vile vya zamani vilishafutwa."

Kwa hiyo tuna picha zako tu. Sauti yako hatuna. Anayo yule mtu aliyevaa koti lako, maana anakuiga: kicheko chako cha puani, na ulivyokuwa ukivuta neno la mwisho. Mwanangu alizaliwa ukiwa umeshanyamaza. Mtaani wamemwambia babu yake ndiye mwizi wa kwenye TV, basi akimsikia ananiita jikoni. "Mama, njoo, babu anaongea."

Mwanzoni nilikuwa namrekebisha. Siku hizi naenda, nakaa naye kwenye mkeka, naongeza sauti.

Pumzika, baba. Habari njema ningekuwa nayo ningekupa.

Binti yako wa mwisho