Jengo Letu Lilivyovishwa Mkanda wa Viatu

Alhamisi, Novemba. Saa tisa na robo alasiri giza lilikuwa limeshashuka, na mvua nyembamba ambayo haijaamua kama ni mvua au theluji. Nimefika nyumbani Rågsved, mtaa wetu wa pembezoni mwa mji, sasa hivi, nimevua viatu, koti bado ninalo, chakula sijapika. Moyo umejaa. Binti yangu Divine ndiye aliyenifungulia ukurasa huu ili nipunguze kumchosha na hadithi zangu, basi leo ukurasa univumilie.

Leo nimefurahi mpaka nikaharibu kitu.

Nianze mwanzo. Mimi ni msafishaji katika lile jengo kubwa la mawe mjini kati, karibu na maji, ambalo wageni wote hulipiga picha. Mwaka wa tisa huu nalisugua. Ngazi zake nazijua kwa magoti. Mwenzangu wa zamu ni dada Inga. Yeye ni Msami, yaani mwenyeji wa kaskazini kabisa, wale ambao babu zao walichunga reni, wanyama wa pembe wa nchi ya theluji, huko kabla nchi hizi hazijachorewa mipaka. Wakati wa kahawa yeye hutoa nyuzi zake akafuma mikanda myembamba ya rangi, nami hutoa kikapu changu nikaendelea kusuka, vile vyetu vya Burundi vyenye kifuniko kilichochongoka. Kiswidi changu ni cha kazini tu, na shule niliishia darasa la saba kambini Kigoma. Lakini mikono yetu inasikilizana.

Mwezi uliopita walikuja watu wa sanaa. Walitaka kazi za mikono za Wasami wazipige picha, kisha jioni waziangaze kwa projekta kwenye ukuta wa jengo letu, kuanzia paa hadi mlangoni. Walichagua vitu vichache. Kimoja kilikuwa mkanda wa Inga.

Jengo ambalo yeye huingia kwa mlango wa nyuma na ndoo mkononi!

Alinionyesha barua waliyomwandikia. Akaikunja, akairudisha mfukoni mwa sare. Dakika mbili hazijapita akaitoa tena.

Sasa nikiri jambo, kwa sababu humu sina wa kumficha. Niliogopa. Sisi tuliookoka tumefundishwa kukaa mbali na michoro ya kale, maana huwezi kujua imebeba nini. Sikumwambia Inga. Nilifunga kula siku mbili mpaka adhuhuri, nikimwomba Bwana anionyeshe kama zile alama za pembe na yale mawimbi mekundu kwenye mkanda wake ni vitu vya mizimu. Siku ya tatu, wakati wa kahawa, nikaona heri nimuulize mwenyewe.

"Dada Inga, usikasirike. Huu mkanda ni wa ibada gani?"

Hakuinua hata macho kwenye nyuzi zake.

"Wa viatu," akasema.

"Wa viatu vipi?"

"Wa kuzungusha hapa juu ya kiatu, theluji isiingie."

Siku mbili, jamani. Siku mbili nimefunga kwa ajili ya kamba za viatu. Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa, na Inga hajui mpaka leo nilikuwa nacheka nini.

Lakini kwake haikuwa kamba tu, na hilo nilikuja kulielewa baadaye. Mchoro ule alifundishwa na mama yake. Mama huyo alipokuwa msichana mdogo shuleni walimvua mikanda kama hiyo na kumkataza lugha ya kwao. Sasa ni mzee, na alikuwa anakuja kwa treni kutoka kaskazini, kuona jioni moja tu, kesho yake arudi. Inga alitaka kitu kimoja: mama yake auone mkanda mzima ukutani, hata mara moja, bila doa.

Doa tulikuwa sisi wasafishaji.

Taa za ndani hazina swichi. Kuna kidude darini: mtu akisogea kinaziwasha, akitulia dakika kumi kinazizima. Na zamu yetu inaanza saa tisa. Dirisha moja likiwaka, pale kwenye picha panabaki shimo jeupe, kama pengo la jino. Kwa hiyo watu wa sanaa wakaelewana na msimamizi wetu. Maonyesho yangekuwa mawili, saa kumi na saa kumi na moja, robo saa kila moja. Kabla hayajaanza, wasafishaji wote tuketi, kila mtu na ghorofa yake, tutulie mpaka yaishe.

Inga alipewa ruhusa ya kukaa nje na mama yake. Kabla hajatoka alinigeukia.

"Spesiosa, utaweza kweli kutulia?"

"Mimi?"

"Wewe."

"Dada, mimi nimepanga foleni ya mahindi kambini tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Robo saa ni nini?"

"Foleni haifurahishi," akasema, akaenda zake.

Nilipangiwa ghorofa ya tatu. Nikakaa kwenye kiti cha ofisi karibu na dirisha, nikaikalia mikono yangu kabisa, maana naijua. Nikaomba kimoyomoyo. Taa zikazimika. Nikajipongeza.

Nilichokuwa sijui ni kwamba jengo la ng'ambo ya barabara ni la vioo vitupu. Saa kumi ilipogonga, vioo vile vikawa kama sufuria iliyosuguliwa: nikaona humo jengo letu lote, jeusi, halafu mkanda wa Inga ukaanza kushuka kutoka paani. Nyekundu, njano, buluu. Uzi mmoja ulikuwa mpana kama mlango. Zile pembe ndogo nilizoziona zikifumwa mezani kwetu, kando ya kikombe changu, sasa zilikuwa kubwa kuliko basi.

Sikuamua. Naapa sikuamua. Kanisani kwetu furaha haikai kitini. Mikono ilichomoka yenyewe ikapanda juu, mdomo ukasema haleluya, na miguu ikafuata, kulia, kushoto, ruka.

Taa zikawaka paa!

Kule kwenye vioo nikajiona. Katikati ya mkanda, mahali pazuri kuliko pote, dirisha jeupe, na ndani yake mwanamke mnene wa sare ya buluu na kilemba, mikono juu. Nikaganda hivyohivyo kama mtu aliyekamatwa na polisi. Haikusaidia. Kidude kinataka dakika kumi zake, hakijali kwamba umetubu. Nilisimama nikihesabu dakika, nikimuwaza yule mama mzee kule chini aliyesafiri usiku kucha kuja kuniona mimi.

Taa zilipozimika, maonyesho nayo yalikuwa yamebakiza kama dakika mbili.

Msimamizi alipanda na fundi. "Nani amesogea huku?" Fundi akainua macho darini, akasema huenda ni kidude chenyewe, kimezeeka, kesho asubuhi atakifungua. Msimamizi akanitazama. Nikachukua kitambaa, nikafuta meza iliyokuwa safi.

Sikuinua mkono.

Kwa Inga sikuweza kuficha. Nilimwandikia kwa simu: *Ni mimi. Nisamehe.* Jibu likaja upesi: *Najua. Tokea mlango wa nyuma. Leta kiti, mama amechoka.*

Nikamwambia msimamizi kuna mama mzee nje anahitaji kiti. Hilo lilikuwa kweli. Nikashuka kwa lifti na kiti cha ofisi chenye vigurudumu, nikakisukuma juu ya yale mawe ya barabarani, kinaruka ruka na kupiga kelele, watu wananipisha. Inga alisimama na uso umelowa. Nikajua nimemliza. Nilipomkaribia nikaona bega linatikisika. Alikuwa anacheka, hawezi kusema.

Mama yake alikuwa amevaa gauni lao la buluu lenye mapindo mekundu, na shali yenye nyuzi ndefu. Akanipima kuanzia kilemba hadi viatu.

"Kumbe ni mfupi hivi," akamwambia Inga. "Dirishani alikuwa mrefu."

Kisha akainua mikono yake miwili juu, kunionyesha nilivyokuwa. Inga akashika kiti kwa kicheko.

"Ulirukia nini?" mama akaniuliza.

"Nilifurahi, mama."

"Kwa mkanda wa viatu?"

"Kwa mkanda wa viatu."

"Basi baki huku nje na sisi," akasema. "Huku ruka utakavyo."

Divine naye alifika hapo, katoka kazini moja kwa moja, simu mkononi. Saa kumi na moja ikagonga. Jengo likawa jeusi lote, madirisha yote, hata ghorofa ya tatu. Nikawashukuru wenzangu kimoyomoyo, waliokuwa wamekaa humo gizani kama vinyago. Mkanda ukashuka. Mzima. Kuanzia paa hadi mlango mkubwa ule ambao mimi na Inga hatupitii. Watu barabarani walisimama na miavuli yao.

Mama alikaa kwenye kiti chake cha ofisi, mikono mapajani, akiutazama polepole kama anayesoma. Nikawa nasubiri atasema nini. Inga naye alikuwa anasubiri, nilimwona anauma mdomo.

"Chini pale," mama akasema mwishowe. "Umekaza uzi."

"Mama!"

"Umekaza. Sasa mji wote unaona."

Jamani! Marehemu mama yangu angesema hivyohivyo, hata kama ningemsukia kikapu cha mbinguni. Nilicheka, nikainua mikono, nikaruka, nikapiga vigelegele vya kwetu mpaka mbwa wa mtu akabweka. "Mamma, sluta!" Divine akanong'ona, niache, watu wananitazama. Lakini simu yake alikuwa ameielekeza kwangu, na alikuwa anatabasamu.

Halafu mama akaondoka kitini. Alitembea taratibu juu ya mawe yale yaliyolowa mpaka ukutani, akaweka kiganja kwenye jiwe. Mchoro ukampanda mgongoni, nyekundu na njano zikapita juu ya shali yake na juu ya mkono wake. Akabaki hapo amesimama ndani ya mkanda wake. Hakuna mtu aliyemvua.

Inga akalia. Safari hii kweli.

Sasa ni saa mbili usiku, na Divine ananionyesha ile video kwa mara ya nne. Nimefurahi, Bwana asifiwe, nimefurahi kweli. Lakini katikati ya furaha kuna kijiwe kiatuni. Kesho asubuhi fundi atapanda ngazi kufungua kidude kizima kabisa, kisicho na kosa lolote ila kwamba kiliniona.

Najiuliza. Mikono yangu miwili ilipanda haraka hivyo, bila hata kuniomba ruhusa. Kwa nini mmoja tu, wa kusema "ni mimi", ulikuwa mzito hivyo?

Kesho nitafika kabla ya fundi. Nitauinua huo mkono kwanza, mbele ya msimamizi, ndipo nivae sare.